Dada Aliyenijibia

9 Februari

Sindano, mdogo wangu,

Mama anaendeleaje? Mkono wa kushoto umeanza kushika chochote, au bado? Nimeona niandike badala ya kupiga, maana simu yako hiyo ukiipokea nyumba nzima inasikia, na Mama akisikia sauti yangu analia, halafu unabaki wewe kumbembeleza.

Darasa letu la Jumamosi limejaa. Tulianza watu kumi na wawili kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, sasa ni arobaini, na viti tunaazima kwa wanakwaya. Watu wana kiu ya kujijua. Juzi fundi bomba mmoja, mtu mzima na mvi zake, alisoma maelezo ya aina ya Moto akaanza kulia mbele ya kila mtu. Akasema, "Kumbe ndiyo maana wanangu wananyamaza nikiingia ndani." Nikamwambia, baba, Mungu hakutufinyanga wote kwa mkono uleule. Kuna Moto, wa kuongoza na kuamrisha. Kuna Upepo, wa kucheka na kusahau. Kuna Maji, anayehisi mambo mpaka chini. Na kuna Jiwe, mtulivu, hasogei, hadai kitu. Ukijua wewe ni nani, unajua pa kumwomba Mungu akurekebishe.

Kwenye Jiwe nilikutolea mfano wewe. Nilisema nina mdogo wangu, fundi wa sare za shule, mwaka wa sita huu anamtunza mama yetu aliyepigwa na kiharusi, na sijawahi kumsikia akilalamika hata siku moja. Walikupigia makofi. Mimi na umoto wangu ningekuwa nimeshakimbia mwezi wa kwanza.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja nikipata nafasi.

Dada yako


24 Februari

Dada,

Mkono bado. Vidole viwili vinacheza asubuhi, jioni vimechoka. Ila mdomo umepata nguvu, na jana alimwambia muuguzi kwamba sindano yake ni ya mtu asiyejua kushona. Muuguzi alicheka, mimi nikajificha jikoni.

Waambie asante kwa makofi. Kama kuna mmoja mwenye mgongo mzima wa kumgeuza mtu kitandani, aje yeye, makofi ayaache huko.

Nina swali la darasani. Hivi Jiwe linaweza kutaka kitu? Si lazima likipate. Kutaka tu.

Nauliza kwa sababu yule mpimaji wa ardhi amerudi. Unamkumbuka, yule wa sauti ya chini kwenye kwaya, ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa anapita kila Jumapili baada ya ibada kumrekebishia Mama redio, hata kama redio haikuharibika. Halafu akakoma ghafla, nikasikia amehamishwa. Sasa ameitwa apime kiwanja cha kanisa letu. Ana mke, na mtoto anayeanza kutembea. Nilimsalimia vizuri tu. Nikarudi nyumbani, nikapima kitambaa cha suruali mara mbili, na bado nikakikata vibaya.

Basi ni hayo. Usiyasomee watu.

Sindano


10 Machi

Mdogo wangu,

Jiwe likiguswa hutikisika kidogo, ni kawaida, halafu linatulia. Usiliwekee jambo hilo nafasi kubwa moyoni. Kama alikuwa wako angebaki. Mungu alipokunyima alijua anachofanya, na kumshukuru kwa tulivyonyimwa ni hatua kubwa ya kukua kiroho. Tumia zile dakika kumi za sala ya ukimya nilizokufundisha.

Alikuambia chochote?

Dada yako


28 Machi

Dada,

Hapana. Aniambie nini?

Sindano


3 Juni

Sindano,

Nimeanza barua hii mara nne. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, Mama akiwa amelala mchana.

Wiki iliyopita kanisa lilituletea mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, ambaye amefundisha mambo haya ya aina za tabia tangu mimi niko shule ya msingi. Nilitarajia atanisifu kwa jinsi nilivyolikuza darasa. Alikaa nyuma na mkoba wake magotini, akasikiliza mpaka mwisho. Nilipomkaribisha aseme neno, alituuliza, "Mnajua ninyi ni aina gani?" Tukaitikia wote kama watoto. Akasema, "Vizuri. Sasa kila mmoja aandike mtu mmoja aliyeumia kwa sababu yeye yuko hivyo alivyo. Msiponiandikia huyo, hamjajijua bado. Mmejipamba tu."

Watu waliinama wakaandika. Mimi nilikuwa mbele na chaki mkononi, na jina lililokuja ni lako.

Mpimaji hakuondoka kwa sababu alibadili mawazo. Aliniandikia. Barua yake ilikuwa ya heshima, mistari imenyooka kama ramani. Alisema kwa kuwa baba yetu hayupo tena, anapita kwangu mimi mkubwa kabla ya kuwaleta wazee wake. Aliuliza kama moyo wako uko huru. Na alisema hatakutenga na Mama, yuko tayari mkae hapohapo nyumbani na kusaidiana naye.

Sikukuonyesha ile barua. Nilimjibu mwenyewe. Nilimwambia nimekupima kwa maswali yangu na kwamba wewe ni Jiwe, mtu ambaye Mungu amemweka mahali pamoja, hutamani ndoa, na kwamba akikugusia jambo hilo atakuvuruga bure. Nilimwomba kwa jina la Bwana asikwambie. Akanijibu mstari mmoja: "Nimeelewa, Dada, nitajiweka mbali."

Nilijiambia ninakulinda. Sasa naandika ukweli: niliogopa. Niliona wanaume husema hivyo kabla ya ndoa, na baada ya mwaka mmoja Mama angeletwa kwangu. Nilifikiria darasa langu, na chumba changu kisicho na harufu ya dawa. Halafu nikaupa woga wangu jina la kiroho, nao ukanitii.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Nimejiondoa kwenye ualimu wa darasa.

Dada yako


4 Juni

Dada,

Leo nimekupigania, ujue una deni la kanga mpya kwangu!

Nilipeleka sare za kwaya kanisani, nikamkuta mpimaji nje na ile miti yake ya kupimia, ya rangi nyekundu na nyeupe. Akaniuliza habari za Mama, nikamwambia. Kisha akasema, "Nafurahi umeipata amani uliyoitaka. Dada yako alinieleza vizuri." Nikamuuliza, "Alikueleza nini?" Akashtuka. Akasema, "Basi, yameshapita," nami nikambana kwa maswali mpaka akasema kwamba aliwahi kukuandikia kuhusu mimi, na wewe ukamkatalia.

Dada, nilimcheka. Nilimwambia, dada yangu ana mdomo, na anapenda kuamrisha, na akija hapa anapanga upya sufuria zangu, lakini hawezi kunifanyia hivyo bila kuniambia. Hawezi. Nilimwambia labda barua yake ilipotea akajibiwa na mtu mwingine, au aliota. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda, akasema, "Samahani, mama," akarudi kwenye kamba zake.

Niandikie mistari miwili nimwonyeshe. Sitaki abaki na picha mbaya juu yako.

Sindano


2 Julai

Mdogo wangu,

Barua zetu zilipishana njiani. Nimeisoma yako na sijui kama nitawahi kuisahau.

Mwezi unaisha hujajibu. Nilipiga simu, ukasema "Mama yuko salama, nina wateja," ukakata. Nitukane basi. Chochote ni afadhali kuliko ukimya huu.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Barua yako ilifika. Niliisoma nimekaa kama ulivyoniamuru. Siku hiyo nilishona sketi kumi na moja, na zote ziko sawa, hakuna hata moja niliyokosea. Sikujua kwamba mtu anaweza kuvunjika na mikono ikaendelea na kazi.

Nataka nikueleze kuhusu yale maswali yako, kwa sababu hukuniuliza.

Uliponitumia ile karatasi ilikuwa mwaka wa pili wa ugonjwa. Mama alikuwa hawezi hata kukaza shingo. Niliijaza nimekaa naye kitandani, kichwa chake begani kwangu, karatasi juu ya goti. Swali la kwanza: unapenda kukaa mahali pamoja kuliko kusafiri? Nikaweka ndiyo. Ningeweka nini, na kichwa cha mama yangu kiko begani? Swali lingine: ni rahisi kwako kuacha unachotaka kwa ajili ya wengine? Ndiyo. Unaweza kukaa siku nzima bila kuongea na watu? Ndiyo. Niliweka ndiyo zote. Karatasi haikuuliza kama nina njia nyingine. Sikujibu nilivyo, Dada. Nilijibu nilivyolazimika kuwa, na wewe ukachukua yale majibu ukanirudishia ukisema Mungu ndiye aliyeniumba hivyo.

Nami nikakuamini! Hapo ndipo ninapojikasirikia. Wewe ulikuwa umesoma, unasimama mbele ya watu, wanalia. Nikasema huyu anajua. Kila nilipotamani kitu nilijiambia, tulia, wewe si mtu wa kutamani. Mwenye kiwanda cha sare wa mji wa pili aliniita mara mbili nikasimamie chumba chake cha kukatia vitambaa. Nilikataa. Nilimwambia mimi si aina ya watu wa kuhama. Yule mama alinishangaa sana.

Unasema hujawahi kunisikia nikilalamika. Mimi nalalamika. Nikiwa na hasira nakanyaga cherehani kwa kasi ili Mama asisikie ninavyolia. Majirani husema huyu binti ana bidii.

Mpimaji ana mke wake na amani yake, na mke wake ni mtu mwema, amenishonesha gauni. Simlilii yeye sana. Kinachonikaba ni kingine. Nilipiga magoti, Dada, nikamshukuru Mungu kwa kuninyima. Kila Jumapili kwa miaka mitatu, kwa zile dakika kumi zako. Nilimshukuru kwa kitu ambacho hakikutoka kwake. Sasa nikisali sijui nianzie wapi. Nahisi kama nimekuwa nikimpelekea mtu barua za shukrani kwa zawadi ya mtu mwingine.

Ulitaka nikutukane. Sina matusi. Nina swali moja la kazi: utakuja lini kumgeuza mama yako?

Sindano


27 Julai

Sindano,

Jumatatu ya tarehe 10 Agosti. Nimeandika barua ya kuacha kazi, na nimemrudishia mwenye nyumba funguo. Mtafute yule mama wa kiwanda kabla sijafika. Mwambie ulikosea kuhusu aina yako.

Dada


6 Septemba

Mdogo wangu,

Leo ni wiki ya nne. Karatasi ya dawa uliyonibandikia mlangoni nimeishika kichwani, ila hukuandika mambo ambayo hayaandikiki. Hukuandika kwamba mtu mzima akigeuzwa anakuwa mzito kama gunia la maji. Hukuandika kwamba atakataa supu, na ukishaiondoa ataiomba. Mgongo wangu umekufa. Juzi nilimfokea. Nilifoka kweli, kwa sauti ya darasani, "Mama, fungua mdomo!" Akaufungua, na chozi likatoka jicho la upande mzima. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilikuwa nawaambia watu Moto umeumbwa kwa ajili ya vita vikubwa. Hapa hakuna vita. Kuna shuka ya kubadilisha, na saa mbili baadaye ile shuka tena. Naona sasa kwamba sehemu kubwa ya ule moto wangu ilikuwa kupenda kutazamwa. Humu hakuna wa kunitazama. Nasali sala fupi sana siku hizi, nyingine hazina hata amina. Yule mwalimu mzee aliniambia nilipokwenda kumuaga, "Mwanangu, ukishajua tabia yako, ipeleke kwa Mungu kama mgonjwa anavyopeleka kidonda, usiipeleke kama mtu anayepeleka vyeti." Nilidhani nimemwelewa. Nimemwelewa wiki hii.

Mteja wako mmoja alikuja kushonesha nguo, akakuulizia. Nilimwambia umehama. Akasema, "Haiwezekani, yule?"

Dada


27 Septemba

Dada,

Mama akikataa supu, mpe kijiko mwenyewe mkono wa kulia, wewe shika kiwiko tu. Atamwaga nusu. Acha amwage.

Huku chumba cha kukatia kina meza ndefu kama ukumbi, na wanawake wanane wanaongea wote kwa pamoja. Wiki ya kwanza nilidhani nitakufa kwa kelele. Wiki ya tatu nilijisikia nacheka kuliko wote, nikanyamaza, nikaangalia kama kuna aliyeniona. Halafu nikasimama juu ya kiti kuwaamrisha kuhusu mkato wa kola, na waliniitikia! Msimamizi aliniuliza, "Wewe siku zote uko hivi?" Nilimwambia sijui. Ni kweli sijui, Dada. Nina miaka thelathini na nane na sijui.

Jioni naenda chumbani kwangu, na hakuna anayeniita. Kuna siku nafurahi mpaka naona aibu. Kuna siku nasikia Mama ananiita nami nasimama.

Usiniulize tena kama nimekusamehe. Umeuliza kwenye simu mara tatu. Ukiuliza inabidi nikubembeleze, na kazi hiyo nimeiacha.

Sindano


15 Oktoba

Sindano,

Kuna jambo. Nilifikiri nikufiche, nikagundua jinsi ninavyoanza upesi kutafuta sababu nzuri za kukuficha, nikaogopa.

Jumapili baada ya ibada watu wa kwaya walikuja kumwimbia Mama, na mpimaji alikuwamo. Walipoondoka, Mama alinishika mkono. Alisema, "Huyu." Nikasema ndiyo, Mama, ni yule wa redio. Akaanza kutikisa kichwa. Ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno, na nimeyaandika alivyoyatoa, kwa sababu ameniomba nikuandikie. Nilimwambia nitaandika yote bila kuyapamba.

Anasema: "Mwanangu. Nilijua. Nilisikia anavyokuongelesha jikoni. Nikaogopa kubaki peke yangu. Alipokuwa anakaa sana, nilikuwa naangusha kikombe. Makusudi. Ili uje. Mara nyingi. Na nilimwomba Mungu usiende. Alipoacha kuja nikasema Mungu amenisikia. Nilifurahi. Wewe ulikuwa unashona usiku na mchana, mimi nimelala nafurahi. Sikukwambia. Nilikuwa mama mbaya hapo. Sikuiti urudi. Kaa huko. Lakini nataka ujue haikuwa dada yako peke yake."

Hapo akachoka. Nilimuuliza kama niongeze salamu. Akasema hapana, salamu zitaharibu.

Nimemshika kidole gumba nikakibonyeza kwenye wino, ndiyo hiyo alama hapo chini. Ameitazama muda mrefu. Kisha tumelia wote wawili, halafu akaniambia naminya mkono wake vibaya.

Sindano, sisi wawili tulikugawana bila kukuuliza, mmoja kwa maombi, mwingine kwa karatasi ya maswali. Sijui nikwambie nini zaidi ya hilo.

Dada


2 Novemba

Dada,

Nilikaa na barua ile siku tisa. Niliipeleka kazini ndani ya mfuko wa aproni. Siku ya tano mmoja wa wanawake aliniuliza mbona nimekuwa mkali, nikamwambia nina mama na dada. Akasema, "Pole," akanipa nafasi yake karibu na dirisha.

Vile vikombe navikumbuka. Nilikuwa nafuta sakafu huku namwambia, "Usijali, Mama, ni mkono tu."

Jana, kwa mara ya kwanza tangu barua yako ya Juni, nilisali. Sikumshukuru kwa lolote. Nilimwambia tu nilichotaka miaka ile. Nilikitaja wazi, kwa sauti, mlango nimefunga. Kisha nikamwambia ninachotaka sasa, na kingine ni cha kuchekesha, sikwambii. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Sikujibiwa kitu. Lakini nilisikia kama kuna anayenisikiliza mimi mwenyewe, si yule niliyemjaza kwenye karatasi.

Mwambie Mama nimeisoma yote, na kidole chake nimekiona. Mwambie nakuja Jumamosi, nitalala siku mbili, Jumatatu alfajiri naondoka, na asilie nikiondoka, au alie, vyovyote atakavyoweza. Nitakaa naye na nitamlisha, kwa sababu nataka kumlisha.

Cherehani yangu ya zamani msiifunue. Usinipangie sare za mtu yeyote. Safari hii nakuja kama mgeni, Dada. Nitandikieni kitanda, mnipokee mzigo mlangoni, na mniulize habari za safari.

Mdogo wako